Mlima katika Picha: Mandhari, Taifa na Ardhi ya Meru

Katika sanaa ya uchoraji hapana kitu kionekanacho kuwa hakina hatia kama picha ya mlima. Mfalme akichorwa, mtazamaji hujua mara moja kwamba anaombwa utii. Vita vikichorwa, hujua kwamba yuko mshindi aliyelipa gharama ya rangi. Lakini mlima, wenye theluji kileleni na wingu kiunoni, huonekana kana kwamba haumdai mtu chochote. Makala haya yanashika kauli nyingine: kwamba picha za mandhari, hasa zile zilizopigwa chapa na kusambazwa kwa wingi, zimekuwa miongoni mwa hati za kumiliki nchi, na kwamba habari hiyo husomeka wazi zaidi Akheri, katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru, kuliko katika nyumba za makumbusho za Ulaya ambako mtindo wenyewe ulizaliwa.

Yafaa kuanza na Denmark, kwa sababu ni nchi isiyo na mlima. Mahali pake pa juu kabisa, ukiacha visiwa vya mbali, hapafiki mita 200. Meru unafika mita 4,566. Walakini ni shida kupata taifa lililojifunza kujitambua kwa njia ya mandhari kuliko hilo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wadenmark walipata mapigo mfululizo: mji wao mkuu ulipigwa mizinga na Waingereza mwaka 1807, hazina ya serikali ikafilisika 1813, na mwaka uliofuata wakanyang'anywa Norway. Ufalme uliokuwa mpana ukabaki kipande cha rasi na visiwa. Ndipo lilipozuka swali ambalo watu wa Afrika ya Mashariki wanalijua vizuri: sisi ni nani, sasa mipaka yetu ilipobadilishwa na wengine?

Mtu aliyelijibu kwa lugha ya sanaa alikuwa N. L. Høyen, mwanachuoni wa historia ya uchoraji. Mwaka 1844 alitoa hotuba mjini Copenhagen juu ya masharti ya kupatikana sanaa ya kitaifa katika nchi za Kaskazini, akawataka wachoraji waache kuikimbilia Italia, wageukie pwani yao, mashamba yao na watu wao. Wengine walikuwa wamekwisha kuanza. J. Th. Lundbye, kijana wa miaka ishirini na kitu, alichora makaburi ya mawe ya watu wa kale yaliyobaki mashambani, na mwaka 1843 akamaliza picha kubwa ya pwani ya Denmark, genge la udongo juu ya bahari, ambalo kwa mtu aliyezoea Kibo ni kichuguu tu. Lakini Lundbye alilichora kwa kimo cha mlima. Huo ndio ufundi wake, na ndio ujanja wake pia: alijua kwamba ukubwa katika picha hautoki katika ardhi bali katika mahali anapowekwa mtazamaji. Alikufa mwaka 1848, mwanzoni mwa vita vya Schleswig, kwa risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Rafiki yake P. C. Skovgaard aliishi muda mrefu zaidi, akachora misitu ya miti ya bichi. Msitu wake wa mwezi wa Mei, aliouchora mwaka 1857, umekuwa kwa Wadenmark wengi sura ya nchi yenyewe.

Hapo pana jambo ambalo wasifuji wa picha hiyo hulipita haraka. Msitu huo ni wa Iselingen, na Iselingen lilikuwa shamba kubwa lenye mwenyewe. Kwa hiyo msitu uliopewa taifa zima katika picha ulikuwa, katika daftari la ardhi, mali ya jamaa moja. Mkulima mdogo aliyetundika chapa ya msitu kama huo ukutani mwake aliambiwa kwamba ni wake. Kuni zake, hata hivyo, alipaswa kuziombea ruhusa. Si kwamba Skovgaard alidanganya. Aliipenda nchi kwa moyo mweupe. Lakini mapenzi ya mandhari yana tabia hii, kwamba humpa kila mtu kwa macho kile ambacho hana kwa mkono.

Tena haitoshi kuzungumza juu ya picha za rangi ya mafuta peke yake, maana hizo hukaa katika nyumba moja, nazo ni za wachache. Kilichobeba mandhari hadi sebuleni kwa mwalimu, kasisi na mwenye duka kilikuwa ni chapa. Mwishoni mwa karne ya 18 mtu mmoja wa Bavaria, Alois Senefelder, aligundua namna ya kupiga chapa kwa jiwe. Fundi huchora kwa wino wa mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, kisha hulilowesha maji. Penye maji wino wa kuchapia haushiki, penye mafuta hushika. Basi jiwe moja hutoa nakala mamia kwa mamia, kwa bei ambayo karani anaiweza. Kazi za Lundbye mwenyewe ziliwafikia watoto kwa njia hiyo, katika kitabu cha ngano cha mwaka 1845. Yaelekea taifa la Denmark, baada ya kupoteza Schleswig na Holstein mwaka 1864, lilifarijiwa zaidi na karatasi hizo za bei nafuu kuliko na turubai za makumbusho.

Ujerumani ilikuwa na milima, lakini haikuridhika nayo. Tangu Johannes Rebmann, mmisionari, alipoona theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, na mabwana wa London waliokaa vitini wakakataa kwamba haiwezekani theluji kuwa karibu na ikweta, mlima huo ulikuwa kwanza ugomvi wa maneno. Karl Klaus von der Decken aliupanda kwa sehemu mwaka 1861, tena 1862 pamoja na Otto Kersten, na safari zake zikatolewa katika vitabu vikubwa vyenye picha. Ugomvi ukaisha, hamu ikabaki. Hans Meyer alipofika kileleni mwezi wa Oktoba 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller, alikiita kilele hicho kwa jina la mfalme wake, akachukua jiwe la huko juu akampelekea. Masimulizi ya Wachagga yanamtaja pia Yohani Kinyala Lauwo, kijana aliyewaonyesha njia. Tangu hapo vitabu vya Ujerumani viliweza kusema kwamba mlima mrefu kuliko yote ya nchi yao uko Afrika.

Mwaka 1898 Meyer alirudi, na safari hii alichukua mchoraji, Ernst Platz wa Munich. Kitabu kilichotolewa mwaka 1900 kilipambwa kwa kazi zake. Platz alikuwa mtu wa milima ya Alps, mpandaji hodari, na macho yake yalikwenda moja kwa moja penye kile alichokijua: barafu, kuta za mwamba, mwanga wa baridi. Kama mchoraji hana haja ya kuombewa radhi. Barafu ya Kibo, ambayo tangu wakati huo imeyeyuka sehemu kubwa, ilimpata mtu aliyejua kuitazama. Kasoro iko mahali pengine. Ili kuifikia barafu hiyo ilimpasa kupita katikati ya vihamba, chini ya migomba, kando ya mifereji ya maji ambayo Wachagga walikuwa wameichimba vizazi vingi kabla yake. Nchi hiyo yote katika mtindo wa kimapenzi wa Ulaya ni ngazi ya kufikia kilele tu. Mlima uliokaliwa hugeuka mlima uliogunduliwa.

Akheri yaonyesha jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Kati ya safari hizo mbili za Meyer, mwezi wa Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga hema hapo wakitaka kujenga misheni, wakauawa na wapiganaji wa Waarusha na Wameru. Serikali ya Wadachi ililipa kisasi chini ya Kapteni Johannes: watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Halafu boma la Arusha likajengwa, na katika miaka iliyofuata mashamba ya walowezi yakapimwa kuuzunguka mlima, hata Wameru na Waarusha wakajikuta wamefungiwa juu, na malisho yao ya mabondeni yamekatwa. Haiwezi kusemwa kwamba picha za Kilimanjaro zilisababisha hayo. Mizinga na kamba za wapimaji zilitosha. Lakini mlowezi aliyekuja na kuiona nchi ya chini ya Meru kuwa tupu alikuwa amekwisha kufundishwa, kwa chapa na kwa vitabu, jinsi nchi tupu inavyoonekana.

Waingereza walipoishika Tanganyika, mandhari yaliingia katika kitu kidogo kuliko vyote, yaani stempu. Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitolewa stempu za pamoja, na miongoni mwake zilikuwamo za Mlima Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ziwa Naivasha, kila moja ikiwa na kichwa cha Mfalme George wa Tano. Hakuna chapa ya Copenhagen iliyowahi kufika mikononi mwa watu wengi kiasi hicho. Mtoto wa shule aliyepeleka barua posta alilamba mgongo wa mlima wake na uso wa mfalme wa watu wengine kwa ulimi mmoja.

Uhuru ulipokuja, sura hiyo haikutupwa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro, kilele kikaitwa Uhuru, na stempu za nchi mpya zikaonyesha mwenge ukiwaka juu ya mlima, pasipo mfalme. Katika nembo ya taifa ngao inasimama juu ya mlima huohuo, ikishikwa na mwanamume na mwanamke. Wako wanaosema kwamba hiyo ni sanaa ya kuazima, kwamba Mwafrika alichukua picha ya Meyer akabandika jina jipya. Hoja hiyo ni nyepesi. Jina la mfalme wa Ujerumani lilikuwa limebandikwa pia, na kubandua kibandiko ni kazi ya haki. Tena katika nembo wamo watu wawili, nao hawapandi mlima. Wamesimama chini yake, penye pamba na karafuu. Hilo ni wazo ambalo Platz hakuwa nalo.

Hata hivyo linabaki suala la upande. Sura ya Kilimanjaro inayojulikana duniani, ya tambarare ya nyasi, mgunga mmoja, ndovu, na Kibo nyuma kama meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, ni sura ionekanayo kutoka kaskazini, kutoka Amboseli, nchi ya Kenya. Watu wengi wa mlima huo wanakaa kusini na mashariki, kwenye mvua, chini ya migomba, mahali ambapo kilele huonekana asubuhi kwa saa mbili kisha hufichwa. Kwa hiyo nchi imechagua, au imechaguliwa, mkao wa mlima wake usiokuwa na wenyeji. Mabango ya watalii yameurudia. Wachoraji wa Dar es Salaam waliofuata nyayo za Edward Saidi Tingatinga wameurudia kwa rangi za kung'aa, ingawa Tingatinga mwenyewe, aliyeanza kuchora juu ya vibao vya mraba yapata mwaka 1968 na kufa 1972, hodari wake ulikuwa katika wanyama na ndege wanaojaza kibao kizima hata pasibaki nafasi ya mandhari.

Kwa Meru jambo hili halikuwa la macho tu. Upande wa kaskazini mashariki, ambako mlima umepasuka na ukuta wa shimo lake unaonekana, iko nchi ya Engare Nanyuki, tambarare ambayo mtu akisimama hapo anaona Meru kwa upande mmoja na Kilimanjaro kwa upande wa pili. Mtu wa shule ya Lundbye angalilia kwa furaha. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ilianza kuwaondoa Wameru katika nchi hiyo, watu wapata 3,000, ili ipatikane sehemu moja iliyoungana ya mashamba ya ng'ombe kwa Wazungu. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa, na watu wakaamriwa kwenda Kingori, nchi ambayo hawakuitaka. Wameru wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hoja yao haikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Lakini habari ile ilienea Tanganyika nzima, na TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ilikuta watu waliokwisha kujua maana ya ardhi kupotea kwa karatasi. Kitabu ambacho Japhet na Seaton walikitoa mwaka 1967 juu ya kesi hiyo hakihesabiwi kuwa kitabu cha sanaa. Msomaji wa sanaa hapaswi kukikosa, maana ni maelezo ya mandhari yaliyotolewa na watu waliofukuzwa ndani yake.

Laiti Karen Blixen angaliishi kukisoma. Mdenmark huyu, aliyesoma uchoraji Copenhagen kabla ya kujulikana kwa vitabu, alikaa chini ya milima ya Ngong tangu 1914 hata 1931, na kitabu chake cha 1937 ni mandhari ya Lundbye yaliyohamishiwa Kenya, yenye hewa ileile, upana uleule, na huzuni ileile ya kitu kinachopotea. Lakini kitu chake kilipopotea, shamba lilipouzwa, alikwenda serikalini kuwaombea Wakikuyu waliokaa humo wapewe nchi pamoja wasitawanywe. Kitendo hicho chasema zaidi ya kurasa zake nyingi nzuri, kwa kuwa humo mandhari yaligeuka kuwa watu wanaotafuta pa kulala.

Aliyelijibu swali hili kwa brashi alizaliwa Machame mwaka 1923. Sam Joseph Ntiro alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, ambaye aliwahimiza wanafunzi wake wachore wanayoyakumbuka nyumbani wala si wanayoyaona katika vitabu vya Ulaya; kisha akasoma katika shule ya Slade ya London kati ya 1952 na 1955, akarudi kufundisha. Mwaka 1953 alikuwa ametoa kitabu cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Mtu hawezi kuzielewa picha zake bila kukumbuka kwamba aliyezichora aliandika pia nani humpelekea nani pombe, lini, na kwa sababu gani. Picha yake ya 1956 ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, katika mji uleule ambako Japhet alikuwa amesimama miaka michache kabla. Nchi yake ilipopata uhuru, Ntiro akawa Balozi wake wa kwanza mjini London.

Katika kazi zake nyingi nchi haiendi mbali, inainuka. Mteremko umesimama karibu kama ukuta, njia zinapanda, migomba imepangwa safu kwa safu, na kila mahali wamo watu wadogo wasio na sura, wanalima, wanabeba, wanajenga, wanakunywa. Wako wahakiki waliosema kwamba hajui kuonyesha umbali. Mtu aliyekaa Slade miaka mitatu hakosi kuujua umbali, ameukataa. Picha yenye umbali humweka mtazamaji dirishani, kama bwana anayetazama mali yake hata upeo wa macho. Ntiro amemnyima mtazamaji dirisha. Hapana mahali pa kusimama nje ya mteremko. Ukitaka kuitazama picha huna budi kutembea ndani yake kwa jicho, kutoka nyumba hata nyumba, kama mgeni anayepiga hodi. Wala hapana pahali patupu pa kumkaribisha mpimaji.

Sifa hiyo isimfiche mhakiki kasoro. Watu wa Ntiro hawagombani kamwe. Katika nchi ambayo vihamba vilikwisha kuwa haba, na ndugu wakishitakiana kwa mpaka wa hatua mbili, picha zake za kazi ya pamoja ni tulivu kupita kiasi, na kadiri miaka ilivyokwenda na siasa ya ujamaa ikaja, utulivu huo ulianza kukaribia hotuba. Hapo Ntiro na Skovgaard ni ndugu: kila mmoja amelipa taifa nchi isiyo na kesi. Tofauti ni kwamba nchi ya Ntiro ina wenyewe, nao wanaonekana.

Elimo Njau, wa Marangu, mdogo wa Ntiro kwa miaka tisa, alikwenda hatua ya mbele alipochora ukutani mwa kanisa la Murang'a, akamaliza mwaka 1959. Maisha ya Yesu yamo katika vilima vya Wakikuyu, katika nchi iliyokuwa imetoka vitani kwa sababu ya ardhi, na kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka waliouawa. Humo mandhari hayafariji. Kilima ni kizuri na pia ni mahali pa kifo, na mchoraji hakukubali kimoja kikifunike kingine.

Meru wenyewe haumo katika nembo wala katika stempu za mwenge. Sehemu ya mashariki ya nchi yake ilifanywa hifadhi ya Ngurdoto mwaka 1960, na mwaka 1967 mlima ukaongezwa, ikaitwa Hifadhi ya Arusha. Wageni hupelekwa Momella, ambako shimo la mlima liko wazi na viboko wamo majini, na hapo ndipo wanapopiga picha zao. Migomba na mibuni ya Akheri iko upande wa pili.